Je, wajua kwa nini daktari hana haraka ya kushusha presha ya mgonjwa wa kiharusi?

Mzee ameanguka nyumbani kwake Kadutu, Bukavu. Mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Hospitalini presha inasoma 190 kwa 100, skana ya kichwa inaonyesha mshipa umeziba, na bado daktari hampi dawa ya presha. Watoto wake wanahamaki: "Docta, baba atatufia hivi hivi?"

Hajazembea. Mshipa wa ubongo ukizibwa na bonge la damu, sehemu inayoutegemea huanza kufa ndani ya dakika chache. Pembezoni mwake, hata hivyo, hubaki eneo lililozimika bila kufa, likiponea damu kidogo inayopenya kupitia mishipa ya jirani. Ubongo wenye afya hujipimia damu wenyewe: presha ikipanda mishipa hujibana, ikishuka hutanuka. Eneo lililojeruhiwa limepoteza uwezo huo, kwa hiyo linapata damu kadiri presha ya mwili inavyoisukuma. Ukiiporomosha, unaliua lile lililokuwa bado linaokoleka.

Kwa hiyo, kama mgonjwa hapewi dawa ya kuyeyusha bonge na moyo wake hauko hatarini, presha huvumiliwa hadi 220 kwa 120. Ikizidi hapo hushushwa taratibu, yapata asilimia 15 katika saa 24 za kwanza. Akipewa dawa ya kuyeyusha, masharti hukaza: chini ya 185 kwa 110 kabla ya sindano, kisha chini ya 180 kwa 105 kwa saa 24, maana ubongo unaweza kuvuja damu.

Mshipa uliopasuka ni habari nyingine kabisa. Huko presha huongeza damu inayomwagika, na madaktari huishusha mapema, namba ya juu ikilengwa karibu na 140. Kwa macho huwezi kutofautisha aina hizi mbili. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2024 ulijaribu kushusha presha ndani ya ambulansi, kabla ya skana: waliopasuka mshipa walinufaika, walioziba wakadhurika.

Kinachonitia hofu zaidi ni nifedipini, kapsuli ya kushusha presha, inayotobolewa na kudondoshwa chini ya ulimi. Presha huanguka ghafla, na hakuna awezaye kukadiria itasimama wapi. Nyumbani usimpe dawa, chai wala maji, kwani huenda hawezi kumeza vizuri. Angalia saa dalili zilipoanza, chukua pakiti za dawa alizokuwa akitumia, mkimbizeni hospitali. Dawa za presha za kila siku zitarudi baadaye, hali ikitulia, na hizo asiziache tena.