Kidonge Kinavyoua Utitiri Masikioni mwa Mbwa

Ninapomwandikia kidonge mbwa mwenye utitiri masikioni, mwenye mbwa karibu kila mara huniuliza: dawa ikishuka tumboni, itafikaje sikioni? Ana haki ya kuuliza. Utitiri huu, ambao jina lake la kisayansi ni Otodectes cynotis, hauchimbi ngozi kama ule wa upele. Unatembea tu juu ya ngozi, ndani ya mfereji wa sikio. Lakini lazima ule, na chakula chake ni magamba ya ngozi pamoja na majimaji yanayochuruzika pale ngozi inapochubuka. Majimaji hayo yanatoka mwilini mwa mbwa, kwa hiyo dawa iliyomo kwenye damu imo humo pia.

Dawa zenyewe ni za kundi la isoksazolini: afoksolana, fluralana, sarolana na lotilana. Wafugaji wengi wanazijua kwa kuua kupe na viroboto. Huziba njia za kloridi, yaani vijia vinavyopitisha chembe za kutuliza neva za mdudu, neva zikakosa kutulia, mdudu akapooza na kufa. Njia za namna hiyo kwenye neva za mbwa hazishikwi na dawa kwa nguvu ileile.

Kwangu mimi, sifa kubwa ya kidonge ni kudumu kwake. Yai la utitiri huanguliwa baada ya siku 4 hivi, na kutoka yai hadi mdudu mpevu ni kama wiki 3. Matone mengi ya sikio huua wadudu lakini huacha mayai, kwa hiyo lazima yaendelee kutiwa kwa wiki hizo zote, katika sikio linalouma, kwa mbwa ambaye sasa anakimbia akiiona chupa tu. Muwasho ukipungua kidogo watu huacha, mayai yanaanguliwa, na tunaanza upya. Afoksolana, sarolana na lotilana hufanya kazi mwezi mzima, na fluralana hadi wiki 12, hivyo lava (mdudu mchanga aliyetoka kwenye yai) wa wiki ya pili naye anaikuta dawa ikimsubiri. Katika majaribio ya afoksolana na ya fluralana, dozi moja iliondoa zaidi ya asilimia 98 ya utitiri ndani ya mwezi mmoja.

Hata hivyo, nakusihi usimpe mbwa kidonge kwa kukisia. Uchafu mweusi unaofanana na machicha ya kahawa huweza kuletwa na fangasi pia, na kwa mbwa wazima shida ya masikio mara nyingi hutokana na mzio. Utitiri huonekana zaidi kwa watoto wa mbwa. Uchunguzi wenyewe ni mwepesi: nachukua uchafu kwa pamba, nauchanganya na tone la mafuta kwenye kioo, kisha naweka chini ya darubini. Mara nyingi mdudu huonekana akitembea.

Tena kidonge hakisafishi sikio. Wadudu waliokufa, nta na damu iliyokauka vinabaki humo, na bakteria na fangasi hustawi palepale. Sikio linahitaji kusafishwa, lakini baada ya kuhakikisha kiwambo chake hakijatoboka, kwa kuwa baadhi ya dawa zikipenya hadi sikio la ndani zinaweza kumfanya mbwa kiziwi.

Kuhusu usalama, mwambie daktari wa mifugo kama mbwa wako amewahi kupata kifafa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba dawa za kundi hili zimehusishwa na kutetemeka, kuyumba na degedege kwa baadhi ya wanyama. Ni matukio machache, na bado nazitumia kwa imani, ila kwa mbwa mwenye historia hiyo natafuta njia nyingine. Dozi hufuata uzito, na mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki 8 hapewi. Fluralana na lotilana zipewe pamoja na chakula, la sivyo mwili hufyonza kidogo tu. Na tafadhali, ivamektini ya ng'ombe isimkaribie mbwa wako. Mbwa wengi wa jamii ya collie wana hitilafu ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na dozi kubwa inaweza kuwaua.

Kama kuna paka nyumbani, naye atibiwe siku hiyohiyo, hata kama hajikuni. Paka ndiye mwenyeji mkuu wa utitiri huu, na wanyama wanaolala pamoja huambukizana kwa urahisi. Ila asipewe kidonge cha mbwa. Yeye ana dawa zake za kudondoshea kwenye ngozi ya shingo, kama selamektini. Baada ya wiki 4 nataka kumwona mbwa tena. Nikikuta mfereji bado mwekundu na darubini haionyeshi mdudu wala yai, siongezi kidonge. Naanza kutafuta mzio.