Mtoto wa iguana hahitaji panzi

Karibu kila anayeniletea iguana wa kijani mdogo huniambia hivi: "Daktari, kwa sasa tunampa panzi apate protini, majani atayala akishakua." Nimechoka kuyasikia maneno haya, maana anayeumia ni mnyama. Iguana wa kijani hula majani tangu anapoanguliwa.

Ushahidi uko tumboni mwake. Mwanzo wa utumbo mpana umetanuka, na ndani yake mna vali, yaani mikunjo ya nyama inayokizuia chakula kisipite upesi. Hapo majani hukaa siku kadhaa huku bakteria wakichachusha selulosi, yaani nyuzi ngumu za majani, na kutoa asidi za mafuta zinazompa mjusi nishati. Vali hizo anazo tangu siku ya kwanza. Anachokosa ni bakteria tu, na porini huwapata mwenyewe: hula udongo, kisha huwafuata iguana wakubwa na kula kinyesi chao. Protini naye huipata kwa kuchagua majani machanga. Ukimlisha nyama na wadudu kila siku, mwili wake huzalisha asidi ya yuriki kupita kiasi. Figo huharibika, na asidi hiyo hujikusanya kwenye viungo ikaleta jongo. Wengi huletwa kwangu vidole vikiwa vimeshavimba, wakati figo haziponi tena.

Nadhani mkanganyiko huu unatokana na pogona, ambaye kweli hula wadudu zaidi akiwa mdogo. Huyo ni mjusi mwingine kabisa.

Wapo wanaodhani iguana hutafuna. Hatafuni. Meno yake hukata tu na kipande humezwa kizima, kwa hiyo mkatie majani vipande vidogo.

Wengine husema utumbo wa mjusi haubadiliki ila kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 1971, jozi 5 za mijusi wa jamii ya Podarcis sicula, walaji wa wadudu, zilihamishiwa kisiwa cha Pod Mrčaru, Kroatia. Watafiti waliporudi miaka 36 baadaye, mijusi waliokuwapo walikula mimea kwa wingi na matumboni walikuwa na vali.

Na jamani, kuota jua baada ya kula si uvivu! Mwili ukipoa, bakteria hupunguza kazi na majani hukaa tumboni bila kumeng'enywa. Mnaniomba dawa ya kukosa choo. Mimi nitauliza kwanza kama pale anapoota joto pana nyuzi 35.