Nani aliiandika Donkey Kong?

Muulize mpenzi yeyote wa gemu za zamani ni nani aliyetengeneza Donkey Kong, atakutajia Shigeru Miyamoto papo hapo. Hajakosea, ila amesema nusu. Kazi yangu ni kufumua programu za mashine za arkedi, zile za gemu za kutia sarafu, ili kujua nani aliandika nini, na katika gemu hii nusu iliyoachwa ni kubwa mno kufumbiwa macho.

Mwaka 1981 Nintendo ilikuwa na hali mbaya Marekani. Gemu yao Radar Scope haikushika soko. Katika mashine kama 3,000 zilizoagizwa, karibu 2,000 zilibaki zimelala ghalani. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akataka gemu mpya ya kuingizwa kwenye makabati yale yale. Kazi akapewa Miyamoto, kijana aliyesomea usanifu wa bidhaa, chini ya uangalizi wa Gunpei Yokoi, mhandisi mkongwe wa Nintendo. Sokwe, seremala Jumpman ambaye baadaye aliitwa Mario, mapipa, ngazi, hatua nne zisizofanana: heshima ya hayo ni yao, wala simnyang'anyi mtu.

Lakini Miyamoto hakuwa mtu wa kuandika programu. Kazi hiyo ilipelekwa kwa Ikegami Tsushinki, kampuni ya Kijapani inayojulikana zaidi kwa kamera na mitambo ya televisheni. Walioifanya ni wahandisi wa huko: Hirohisa Komanome, Minoru Iinuma, Mitsuhiro Nishida na Yasuhiro Murata. Tusiwaone kama makarani waliokuwa wakinakili mchoro wa bosi. Mchoro utakuonyesha pipa na ngazi. Lini pipa liache kubingirika lishuke ngazi, Jumpman aruke juu kiasi gani, ugumu uongezeke kwa kasi ipi, hayo yote hayana budi kuandikwa amri kwa amri, na ndiyo yanayomfanya mchezaji atie sarafu nyingine.

Kwenye skrini utaona jina la Nintendo tu. Siku hizo kampuni nyingi zilificha majina ya mafundi wao, wasije wakachukuliwa na washindani. Ila ukifungua data iliyomo kwenye chipu za mashine, unakuta maneno ambayo gemu haiyaonyeshi kamwe: pongezi kwa anayeichambua programu, ahadi ya kumfundisha ikimshinda, namba ya simu ya ofisi, na jina la Ikegami. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko mahojiano yoyote yaliyofanywa miaka ishirini baadaye. Ni sahihi ya waliojua kwamba hawatatajwa, na waliojua pia kwamba siku moja fundi mwenzao atafika humo ndani.

Ugomvi ulizuka baada ya Donkey Kong Junior ya mwaka 1982. Programu ya Donkey Kong ya kwanza ilifumuliwa na kampuni nyingine iliyopewa kazi na Nintendo, ili itumike kujengea gemu hiyo mpya. Mwaka 1983 Ikegami ikaishtaki Nintendo, ikidai yen milioni 580. Kiini cha kesi kilikuwa hiki: aliyelipia kazi anamiliki programu, au anaimiliki aliyeiandika? Jambo hilo lilikuwa bichi hata kwa mahakama za Japani. Hukumu ya Tokyo kuhusu nakala za gemu nyingine, Space Invaders, iliyoitambua programu kuwa kazi yenye hakimiliki, ilitoka Desemba 1982, na sheria yenyewe ikarekebishwa mwaka 1985 kutaja programu waziwazi. Kesi ya Ikegami iliburuzwa hadi 1990, pande mbili zikapatana nje ya mahakama.

Mapatano hayo hayakuandika majina ya mafundi popote, na ndiyo maana orodha nyingi mpaka leo zinamwita Miyamoto "mtengenezaji" zikaishia hapo. Mimi naandika kila kazi kwenye safu yake: usanifu ni Miyamoto; usimamizi ni Yokoi; programu ni Komanome, Iinuma, Nishida na Murata wa Ikegami Tsushinki. Nawaomba wenzangu mnaotunza kumbukumbu za gemu mfanye vivyo hivyo, na mkitoka hapo mwangalie Zaxxon, gemu ya kampuni ya Sega ya mwaka 1982. Nayo ilipitia mikononi mwa Ikegami.