Chaji ya Betri na Mbio za Gari la Umeme: Yasemwayo Barazani na Yaliyo Kweli

Magari ya umeme bado ni machache Unguja na Pemba, lakini maneno juu yake yalishafika zamani. Penye kahawa, iwe Jaws Corner au baraza nyengine yoyote, utamsikia mmoja akishikilia kwamba gari la umeme likibakiwa na nusu ya chaji hubakiwa na nusu ya nguvu, na mwengine akimjibu kwamba umeme ni kama petroli, tangi likijaa au likibaki na lita mbili injini haijui tofauti. Wote wawili wamekosea, ila makosa yao hayalingani.

"Nusu ya chaji ni nusu ya nguvu"

Dhana hii ina asili inayoeleweka. Aliyekulia na kurunzi ya mawe ameuona mwanga wake ukififia kila usiku, na aliyepanda skuta ndogo ya umeme anajua kwamba jioni haikimbii kama asubuhi. Hata hivyo, chaji na nguvu ni vitu viwili, na kinachoviunganisha ni volti.

Tuchukue tangi la maji lililowekwa juu ya nyumba, kitako chake kikiwa mita 3 juu ya bomba na mdomo wake mita 4.2. Likijaa, msukumo wa maji bombani ni wa kimo cha mita 4.2, likikaribia kumalizika, msukumo ni wa mita 3, wala haukufika sifuri. Vipimo hivyo nimevichagua makusudi, kwa sababu seli moja ya lithiamu yenye nikeli, aina inayotumika katika magari mengi, huwa na volti 4.2 hivi inapojaa na volti 3 hivi inapokaribia kwisha. Nissan Leaf, gari la umeme la Kijapani, ina seli zilizoungwa mfululizo katika hatua 96, kwa hiyo betri nzima hutoka karibu volti 400 ikashuka hadi karibu volti 300. Nguvu ni volti mara ampea: ampea 250 kwa volti 400 ni kilowati 100, na ampea hizohizo kwa volti 300 ni kilowati 75. Chaji imekwisha karibu yote, na nguvu iliyopotea kwa sababu ya volti peke yake ni robo. Betri inapokuwa nusu, seli huwa bado na volti 3.7 hivi, yaani upungufu wa asilimia 12 tu, si 50.

Hata hiyo asilimia 12 mara nyingi dereva haioni, kwa kuwa katika magari ya kawaida kiwanda huwekea mota na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota, mpaka ulio chini ya uwezo wa betri iliyojaa, na kompyuta ya gari huongeza ampea kidogo volti zinaposhuka ili nguvu ibaki ileile. Ni kwenye magari ya mbio, ambayo huikamua betri mpaka tone la mwisho, ndipo tofauti ya asilimia 90 na 50 inapoonekana kwenye saa. Ziko pia betri za lithiamu, chuma na fosfeti, ambazo mfano wake ni tangi pana na fupi: seli hukaa kwenye volti 3.2 au 3.3 kwa sehemu kubwa ya safari, kisha huporomoka mwishoni.

"Chaji ikiwa ndogo, gari haling'oki"

Hapa barazani pamepotoka zaidi, kwa sababu mambo ni kinyume chake. Gari linapoanza kuondoka, mota hupata msukumo wake wote lakini nguvu inayotoka kwenye betri ni ndogo, kwani nguvu ni msukumo mara mwendo, na mwendo bado haupo. Gari la kilo 1,500 linaloongeza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde, ambayo ni kasi ya kumbana abiria kitini, linahitaji kilowati 12.5 tu likiwa kwenye kilomita 10 kwa saa. Likifika kilomita 36 kwa saa linahitaji kilowati 45, na kwenye kilomita 72 linahitaji 90, bila ya kuhesabu upepo. Kwa hiyo dereva anayeondoka kwenye makutano ya Mwanakwerekwe akiwa na asilimia 20 atachomoka kama aliyejaza, akikanyaga mafuta kama tunavyoendelea kusema ingawa mafuta hayapo. Upungufu ataukuta mbele, barabara ya Nungwi ikishafunguka na yeye akataka kulipita lori akiwa tayari kwenye kilomita 70, au Pemba anapopanda kilima kwa mwendo mkubwa huku gari limejaa watu.

"Umeme ni kama petroli"

Mwenye kauli hii yuko karibu na ukweli mpaka chaji inapofika chini kabisa. Kila betri ina ukinzani wa ndani, yaani kizuizi kinachoubana umeme unapopita, na ukinzani huo huongezeka chaji inapokaribia kwisha. Mota ikidai ampea nyingi, volti huzama papo hapo chini ya zile zilizoonekana gari lilipokuwa limesimama. Seli ikizamishwa kupita mpaka wake huharibika, na kwa sababu hiyo kompyuta inayoilinda betri huanza kupunguza nguvu mapema. Katika Nissan Leaf huwaka taa yenye picha ya kobe, na aliyeichora alijua anachokisema: gari linatembea, lakini halina haraka tena. Mafuta hayana kobe. Injini hukimbia mpaka tone la mwisho kisha huzimika.

Wapo wanaosema pia kwamba betri iliyojaa ni nzito na hupunguza mbio. Lita 45 za petroli zina uzito wa kilo 33 hivi, lakini chaji ya saa-kilowati 24 huongeza kama sehemu moja ya milioni ya gramu.

Jambo ambalo barazani halitajwi, nalo ndilo lenye uzito kwetu, ni umri wa betri. Malalamiko ya nchi za baridi hayatuhusu, kwani betri ya hapa haipoi kiasi cha kunyima nguvu. Joto, kinyume chake, huizeesha, hasa gari likiachwa juani likiwa limejaa asilimia 100, na betri ya Leaf za vizazi viwili vya mwanzo haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Betri iliyozeeka huwa na ukinzani mkubwa zaidi wa ndani, kwa hiyo volti zake huzama mapema na kobe huweza kutokea wakati kioo bado kinaonyesha chaji ya kutosha. Anayetaka kununua gari lililotumika kutoka Japani aliombe likiwa na asilimia 25 hivi, si likiwa limejazwa kwa ajili yake, kisha apande nalo kilima kimoja kirefu huku mwenzake akipima kwa saa muda wa kutoka mwendo wa kilomita 40 hadi 70 kwa saa. Siku ya pili alirudie jaribio hilo kilimani hapohapo betri ikiwa na asilimia 80, na aweke majibu mawili hayo mezani kabla ya kutajiwa bei.