Mng'aro wa Saa za Kifahari: Dhana Potofu na Ukweli

Geuza saa ya kifahari yenye mgongo wa kioo, utaona mistari, viduara, skrubu za buluu na kingo zinazometa. Muuzaji husifia yote hayo kwa pumzi moja, na hapo ndipo maneno yasiyo na msingi yanapoanza.

La kwanza ni kwamba urembo huifanya saa ishike majira vizuri zaidi. Kwa sehemu kubwa si kweli. Mistari ya Geneva, ile mistari sambamba inayotiwa kwenye vyuma vya ndani, haiongezi hata sekunde moja ya usahihi. Lakini si kila umaliziaji ni pambo tupu: ncha za mihimili ya magurudumu husuguliwa kwa chombo kigumu hadi ziwe laini na ngumu zaidi, na hiyo hupunguza msuguano. Ajabu ni kwamba kazi hiyo yenye faida ndiyo isiyoonekana, kwa kuwa ncha zenyewe zimezama ndani ya vito, yaani vijiwe vigumu vinavyozishikilia.

"Skrubu za buluu zimepakwa rangi." Za saa rahisi, mara nyingi ndivyo, au zimechovywa kwenye kemikali. Zile za kweli hutokana na moto. Fundi husafisha skrubu mpaka isibaki hata alama ya kidole, huilaza juu ya chengachenga za shaba, kisha huipasha polepole kutoka chini. Feleji hugeuka manjano ya majani makavu, ikawa kahawia, ikawa zambarau, na ikikaribia nyuzi 300 za Selsiasi inakuwa buluu. Ule ni utando mwembamba mno wa oksidi unaochezea mwanga. Hakuna rangi iliyoongezwa. Fundi akichelewa kidogo, buluu inapauka kuelekea kijivu, naye hana budi kuing'arisha skrubu upya na kuanza tena.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni kwamba kazi ya mkono maana yake hakuna mashine. Nakshi za giloshe, yaani michoro midogo inayojirudia, ambazo fundi wa saa Abraham-Louis Breguet alianza kuzitumia kwenye nyuso za saa zake katika miaka ya 1780, huchongwa kwa mashine! Mkono mmoja unazungusha kishikio, mwingine unasukuma kisu, na kina cha mchoro kinategemea wepesi wa kidole. Mistari ya Geneva na vile viduara pia hutiwa kwa vyombo vinavyozunguka.

Kwa hiyo tafuta mahali mashine ilipokwama. Chukua lenzi, fuata ukingo uliokatwa mshazari hadi kwenye kona inayoingia ndani. Kisu cha mashine ni cha mviringo, kikizunguka humo huacha kijipinda. Kona kali, ambapo mishazari miwili inakutana kwenye mstari mwembamba kama wembe, hutoka kwa tupa, kisha kijiti cha mti kilichopakwa unga wa kusugulia. Kona za namna hiyo ni miongoni mwa sababu za fundi wa saa wa Uswisi, Philippe Dufour, kuheshimiwa na mafundi wenzake.

Wengine huamini kinachong'aa zaidi ndicho bora. Gurudumu la kitambaa hung'arisha haraka, ila hulainisha kingo zikawa butu. Ung'arishaji mweusi hufanywa kwa kusugua feleji juu ya bamba la bati lenye unga wa almasi, hadi uso unyooke kabisa. Ukiuinamisha, ni mweusi kama lami. Ukigeuza kidogo, unawaka mweupe wote kwa pamoja.

Muhuri wa Geneva, alama ya ubora inayopigwa kwenye saa za Geneva, nao huchukuliwa kama cheti cha usahihi. Sheria yake ya 1886 ilihusu asili ya saa na ubora wa kazi. Kipimo cha mwendo kiliongezwa na mageuzi ya 2011. Cheti cha kronomita (saa iliyothibitishwa usahihi wake) cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima mwendo wa saa, chenye wastani wa kati ya -4 na +6 sekunde kwa siku, hakiulizi chochote kuhusu urembo.

Na kung'arisha kasha kila linapochunika si kulitunza. Kila mara chuma kinaliwa, na mpaka kati ya uso uliong'arishwa kama kioo na uso wenye mistari unafifia. Ndiyo maana wakusanyaji wengi huona heri kasha lenye mikwaruzo yake kuliko lililopoteza kingo.