Friji haipoi? Huenda gesi haijaisha

Friji ikikataa kupoza, fundi wengi Nairobi husema gesi imeisha. Hapana! Gesi ya friji hailiwi kama ya kupikia. Huzunguka katika mabomba yaliyofungwa bila upenyo, hupungua tu yakivuja. Kabla ya kulipia ijazwe, pima sensa ya joto, inayoiambia bodi (saketi inayoongoza friji) ndani kuna joto kiasi gani.

Chomoa plagi ukutani, tenganisha waya za sensa na bodi, ziunganishe na multimita (kifaa cha kupimia umeme) iliyowekwa kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani. Tumbukiza ncha ya sensa katika maji yenye barafu dakika 5. Sensa ya omu 10,000 kwa nyuzi 25 husoma takriban 30,000 kwa nyuzi 0. Namba isipopanda, sensa imekufa.

Ukienda Luthuli Avenue kununua nyingine, beba sensa ya zamani: ukifunga ya omu 5,000 badala ya 10,000, bodi itadhani ndani kuna joto, kompresa (pampu ya gesi) isipumzike, sukuma wiki igande.