"Damu imepungua": ni ipi iliyopungua?

Hapa Mbeya nimeisikia kauli hii mara nyingi mno. Juzi tena, kwenye benchi la ndugu wanaosubiri wagonjwa wao wasafishwe damu: "Ile dawa imemmaliza damu mzee." Dawa yenyewe ilikuwa antibiotiki, na majibu ya maabara aliyoshika kijana yalionyesha kilichoshuka ni chembe sahani. Mama mmoja alikuwa ameshamwelekeza akanunue rozela na parachichi za Tukuyu.

Chembe sahani ni vipande vidogo vya seli vinavyoziba jeraha ili damu igande. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 katika mikrolita moja. Zikishuka sana, mtu hutoka damu kwenye fizi au puani, na ngozi hupata vidoa vyekundu.

Jina lenyewe lingetosha kututenganishia mambo. Mtaliano Giulio Bizzozero, aliyezieleza mwaka 1882, aliziita kwa neno la lugha yake lenye maana ya vibamba vidogo, kwa jinsi zilivyo bapa. Kiswahili kikachagua sahani, neno lililotoka kwa Waarabu likaingia kila jiko. Sahani hizi hazibebi oksijeni. Kazi hiyo ni ya chembe nyekundu, zenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni, na himoglobini ndiyo anayoitaja daktari akisema "damu yake ni saba". Ukisema "damu imepungua" kwa yote mawili, umechanganya anayekosa pumzi akipanda ngazi na anayetoka damu bila kukoma.

Kwa mgonjwa wa figo mchanganyiko huo ni wa hatari. Himoglobini yake huwa imeshuka hata kabla ya dawa, kwa sababu figo ndizo zinazotengeneza homoni inayouamuru uboho uzalishe chembe nyekundu. Kwa hiyo weupe wa viganja vya mzee huenda hauhusiani na dawa kabisa. Lakini linezolidi, antibiotiki inayotumika pia kutibu TB sugu, inaweza kushusha chembe sahani, hasa ikipita wiki mbili, na wenye figo dhaifu hupatwa zaidi. Septrini, antibiotiki ambayo nyumba nyingi za huku zinaijua, nayo huweza kuzishusha kwa kuzuia kazi ya foliki, vitamini ambayo mwili huihitaji kutengeneza chembe za damu. Tena Septrini huzuia potasiamu, madini yanayopatikana kwenye vyakula, isitoke mwilini. Parachichi limejaa potasiamu. Figo zikishindwa kuitoa, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo unaweza kusimama.

Nilimwamkia yule mama, nikakaa karibu yake. Nikamwambia kwamba rozela na parachichi haziongezi chembe sahani, na parachichi kwa mzee huyu asipewe bila daktari kuridhia. Kijana nikamwomba asiikatishe dawa kwa uamuzi wake, ila akiingia ndani aseme, "Chembe sahani za baba zimeshuka, je, dawa ibadilishwe?" Akairudia mara mbili, taratibu, kidole kikiwa juu ya namba ile kwenye karatasi.